Tauniship ya Royal Oak: maili 36 zilivyokatwa mpaka ikabaki nusu (hotuba nzima)

Wengi mliokosa kuja Jumamosi kunisikiliza nikiongelea historia ya hii mitaa yetu ya kaskazini mwa Detroit, Michigan, mmeniomba niiweke hotuba yote, basi hii hapa kama nilivyoongea, zile picha za ukutani tu ndo sijaziweka.

Wazee wangu shikamoni. Dada zangu, kaka zangu, habari za toka majuzi. Vijana mliokaa nyuma huko, mambo? Asanteni kwa kuniita, na asanteni zaidi akina mama mlioko jikoni, harufu ya pilau imeshafika huku mbele kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Naomba nianze na swali. Wangapi humu ndani mnakaa Oak Park? Haya. Ferndale? Madison Heights? Hazel Park? Berkley, Clawson? Royal Oak yenyewe? Sawa. Sasa swali la pili, nani kati yenu anajua kwamba sehemu zote hizo mlizonyoosha mikono zilikuwa kitu kimoja? Jina moja, ofisi moja, daftari moja la kodi. Ilikuwa inaitwa tauniship ya Royal Oak, tauniship yaani eneo lenye serikali yake ndogo. Na nani anajua kwamba tauniship hiyo bado ipo mpaka leo, ina ofisi, ina watu, na ipo dakika chache kutoka kwenye ukumbi huu?

Mnaona. Ndo maana nimekuja kuongea. Sisi tumekuja hapa kutoka Dar, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, tunanunua nyumba, tunapeleka watoto shule, na kila siku tunavuka mipaka ambayo hatujui nani aliichora na kwa nini. Na mimi nasema hii mipaka haikuota kama majani. Ilipigiwa kura, kila mmoja, na kila ilipopigiwa kura kuna watu waliachwa nje.

Tuanze mwanzo kabisa. Ardhi hii ilikuwa ya Waodawa, Waojibwe, Wapotawatomi na Wawyandot. Mwaka 1807 kwa mkataba wa Detroit ikachukuliwa na serikali ya Marekani, pamoja na sehemu kubwa ya kusini mashariki ya Michigan. Ile barabara ya Woodward mnayokaa kwenye foleni kila asubuhi inafuata njia ya miguu ya wenyeji hao, ilikuwa inaitwa Saginaw Trail, ndo maana imekaa mshazari wakati barabara nyingine zote zimenyooka.

Na hizo nyingine kwa nini zimenyooka? Kwa sababu tangu mwaka 1785 Marekani ilikuwa na sheria ya kupima ardhi mpya kwa miraba, kila mraba maili 6 kwa maili 6, ndani yake viwanja vikubwa 36, kila kimoja maili moja ya mraba. Mraba huo ndo tauniship. Kiwanja namba 16 mapato yake yalitengwa kwa ajili ya shule. Sasa hesabuni wenyewe, mpaka wa kusini wa Royal Oak ni barabara ya 8 Mile, wa kaskazini ni 14 Mile, toa nane kwenye kumi na nne unapata ngapi? Sita. Magharibi Greenfield, mashariki Dequindre, sita tena. Sita mara sita, thelathini na sita. Kwa hiyo ukiendesha toka 8 Mile mpaka 14 Mile umevuka tauniship nzima kwa robo saa hivi kama taa za barabarani zikikuonea huruma.

Jina lenyewe lina kisa. Wapimaji wa kwanza waliandika ripoti kwamba Michigan ni matope matupu, hapafai mtu kuja kulima. Gavana wa wakati ule, Lewis Cass, hakuamini, mwaka 1819 akatoka na watu wake kwenda kuangalia mwenyewe. Wakavuka kweli sehemu yenye majimaji, wakatokea kwenye nchi kavu, wakakuta mwaloni mkubwa wenye matawi mapana, Cass akakumbuka ule mwaloni wa Uingereza ambao mfalme Charles wa Pili alijificha mwaka 1651 akikimbia maadui baada ya kushindwa vita. Wakauita Royal Oak, mwaloni wa mfalme. Tauniship ikaundwa rasmi 1833, na reli ikafika 1838. Kwa miaka mingi ilikuwa mashamba tu. Kuna bwana mmoja Orson Starr, alikuwa anatengeneza kengele za kuwavalisha ng'ombe shingoni, nyumba yake aliyojenga 1845 bado imesimama pale Main Street, nendeni na watoto mkaione.

Sasa hapo hakuna ugomvi wowote, wakulima na ng'ombe wao, nani atake kujitenga?

Ugomvi umeletwa na gari. Mwaka 1910 Henry Ford alifungua kiwanda chake Highland Park, maili chache tu chini ya 8 Mile kwenye hiyohiyo Woodward, na Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku. Dola tano! Watu walitoka kila pembe ya dunia, Poland, Italia, Lebanon, milima ya Kentucky, mashamba ya pamba ya Georgia na Alabama. Hao watu walale wapi? Wakapanda huku kaskazini, viwanja vikauzwa kwa fujo, na tauniship iliyozoea kusimamia mashamba ikajikuta inadaiwa maji ya bomba, mabomba ya majitaka, lami, polisi, zimamoto, shule. Haikuweza. Na nyuma yao Detroit nayo ilikuwa inakuja, inameza vijiji kimoja baada ya kingine mpaka ikagusa 8 Mile mwaka 1926, ndo mwisho wake mpaka leo.

Hapa mnisikilize vizuri kwa sababu sheria ndo imefanya kila kitu. Michigan kulikuwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza mnakuwa kijiji, mnapata mamlaka yenu kidogo lakini bado mpo ndani ya tauniship na kodi yake mnalipa. Hatua ya pili mnakuwa mji kamili, kuna sheria ya 1909 iliyorahisisha hiyo, na mkishakuwa mji mnatoka moja kwa moja. Ardhi yenu inatoka, viwanda vyenu vinatoka, kodi yenu inatoka. Tauniship inabaki na kilichobaki.

Basi wakaanza. Royal Oak kijiji 1891, mji 1921. Ferndale kijiji 1918, mji 1927. Pleasant Ridge wakajikatia kijiji kidogo pembeni ya Woodward 1919, baadae nao wakawa mji. Berkley na Huntington Woods wote wakawa miji 1932, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Clawson, ambayo ilimega pia tauniship ya jirani ya Troy, 1940. Hazel Park, walikojaa wafanyakazi wa magari kutoka Kentucky na Tennessee, 1941. Oak Park 1945. Madison Heights wakafunga kazi 1955. Miji tisa jamani.

Sasa niulize, kujitenga ni kosa? Mimi sisemi ni kosa. Mtu akitaka maji safi na barabara isiyozamisha gari ana haki, na ofisi ya tauniship kweli ilikuwa imezidiwa. Hata sisi tungekuwepo tungepiga kura ya ndiyo. Ila ni kama kugawana shamba la marehemu baba. Kila mtoto mwenye mtetezi anachagua kipande chake kizuri, chenye kisima, chenye barabara, na yule asiye na mtetezi anaambiwa chukua kilichobaki kule mwisho karibu na korongo. Mgawanyo umefuata utaratibu wote, sahihi zimepigwa, na bado mmoja amedhulumiwa.

Nani hakuwa na mtetezi? Hii ndo sehemu niliyoijia leo, naomba mnivumilie.

Pale 8 Mile na Wyoming, kuanzia miaka ya 1920, familia za Weusi waliotoka kusini mwa Marekani walinunua vijiwanja, pande zote mbili za barabara, upande wa Detroit na upande wa tauniship. Ilikuwa moja ya sehemu chache sana walizoruhusiwa kununua. Wengi walijenga wenyewe, chumba kimoja kwanza, pesa ikipatikana chumba cha pili, nadhani humu ndani hakuna asiyejua ujenzi huo. Mitaa mingi iliyowazunguka hati za viwanja zilikuwa na sharti limeandikwa kabisa kwamba mtu Mweusi haruhusiwi kuuziwa wala kukaa.

Mwaka 1941 mjenzi mmoja akataka kujenga nyumba za Wazungu jirani na hapo upande wa Detroit. Shirika la serikali lililokuwa linadhamini mikopo ya nyumba likakataa, likasema eneo liko karibu mno na Weusi. Akafanyaje? Akajenga ukuta. Ukuta wa zege, urefu wa futi 6 kwenda juu, nusu maili kwenda mbele, nyuma ya nyumba za watu. Ukuta ulipokamilika mikopo ikapitishwa. Ukuta huo upo mpaka leo, wenyeji wameuchora michoro ya rangi sehemu moja, watoto wanacheza mpira hapo. Ukiugusa ni zege la kawaida tu, umepasuka pasuka, huwezi kuamini kwamba kitu kama hiki kiliwahi kuamua nani apewe mkopo na nani anyimwe.

Upande wa tauniship hawakuhitaji ukuta. Walikuwa na mipaka ya miji. Ferndale ilipochora mpaka wake, mtaa ule wa Weusi ukabaki nje. Oak Park ilipochora wa kwake, ukabaki nje. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ikaleta pale nyumba za muda kwa ajili ya wafanyakazi Weusi wa viwanda vya silaha, watu wakaongezeka, kodi ya kuwahudumia haikuongezeka kwa sababu viwanda na maduka vilishaondoka na miji.

Na shule? Mwaka 1926 wilaya ya shule ya Ferndale, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo hilo, ilijenga shule ya msingi inaitwa Grant kwa ajili ya watoto wa mtaa ule, ikawa shule ya Weusi, na ikabaki hivyo mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1970 serikali kuu ikaikatia Ferndale misaada na kuipeleka mahakamani, na majaji wa rufaa wakakubali kwamba shule ile ilijengwa kwa nia ya kutenganisha watoto. Hii si Mississippi kule kusini jamani, hii ni hapa, mtaa ambao baadhi yenu mnapita kwenda kazini.

Kipande kingine cha mtaa kilikuwa na wilaya yake ya shule, inaitwa Carver. Ilikuwa maskini kiasi kwamba haikuwa na sekondari ya juu. Sasa mtoto akimaliza aende wapi? Sekondari za jirani zipo, zina nafasi, anaziona kwa macho. Hazikumchukua. Akapandishwa basi, basi likazipita shule zile zote, likavuka 8 Mile, likaingia Detroit mpaka shule ya Northern. Kila siku asubuhi na jioni. Fikirieni mzazi anamfungia mwanae vifungo vya koti baridi ya Januari, anajua basi litapita mlangoni pa shule mbili tatu bila kusimama. Mpaka 1960 Carver ilipofutwa na kuunganishwa na Oak Park.

Kuna mtu aliliona jambo hili vizuri kuliko wote, na Wakenya mliopo humu mnayo sababu ya kumfahamu. Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani. Huyu ndiye aliyeitwa kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akaandika rasimu ya haki za raia. Kabla ya hapo, 1948, alisimama mahakama kuu ya Marekani kuwatetea akina McGhee, familia ya Weusi ya Detroit ambao majirani walitaka watolewe kwenye nyumba yao wenyewe kwa sababu ya yale masharti ya hati, akashinda.

Baadae akawa jaji wa mahakama hiyohiyo, na mwaka 1974 kesi nyingine kutoka hapa kwetu ikamfikia mezani, Milliken dhidi ya Bradley. Swali lilikuwa hivi, shule za Detroit zimetenganisha watoto, je tiba inaweza kuvuka 8 Mile na kuhusisha wilaya za shule za nje, 53 kwa idadi, zikiwemo hizi zetu? Majaji watano wakasema hapana, mipaka iheshimiwe. Wanne wakasema ndiyo, Marshall akiwa mmoja wao. Na hao wanne waliitaja Carver, walilitaja lile basi. Maana yake wakati wa kumpeleka mtoto Mweusi mbali na shule ya Wazungu mpaka ulivukika vizuri kabisa! Marshall akaonya kwamba kuiacha miji mikubwa igawanyike upande mmoja wa Weusi na mwingine wa Wazungu kunaweza kuonekana njia rahisi, lakini watu wa nchi hii watakuja kuijutia.

Nisiwape picha kwamba ni huzuni tupu. Hii miji ilipomaliza kutengana iligundua haiwezi kuishi yenyewe. Maji ya mvua ya miji yote hii yanateremka kwenda upande mmoja, ikabidi wachangie mfereji mkubwa wa majitaka, na jina lake la zamani ni Twelve Towns Drain, mfereji wa miji kumi na miwili. Baadhi yao wananunua maji ya kunywa kwa umoja, na wengi wanapeleka takataka kwa umoja. Waliokuwepo Agosti 2014 mnaikumbuka ile mvua, besimenti, vile vyumba vya chini ya nyumba, za Royal Oak zilijaa, za Ferndale zilijaa, za Oak Park zilijaa, maji yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafu na harufu yake, mazulia na mashine za kufulia zote nje barabarani wiki nzima.

Na ile haiwei ya 696, barabara kuu ya magari ya kasi tunayoipanda kila siku, walibishana juu yake miaka na miaka kwa sababu kila mji hautaki ipite kwake. Oak Park ilishajaa Wayahudi waliohama Detroit, mji ulikuwa na watu kama 5,000 mwaka 1950, kufika 1960 wamezidi 36,000. Wengi wa wale wanaoshika dini kikamilifu hawapandi gari siku ya Sabato, wanakwenda sinagogi kwa miguu. Haiwei ingewakata katikati. Wakakaa kitako wakadai mpaka wakasikilizwa, ndo mana barabara imezamishwa chini na juu yake pamejengwa bustani tatu pana, si madaraja membamba, bustani kabisa zenye majani na miti, familia inavuka na watoto wake. Ikafunguliwa Desemba 1989. Kilomita chache tu kutoka hapo, pale 12 Mile na Woodward, ndipo padri Charles Coughlin alikuwa anahubiri kwa redio chuki dhidi ya Wayahudi miaka ya 1930, mpaka wakubwa zake wakamnyamazisha 1942. Na watoto wa wale waliotukanwa leo wanavuka 696 kwa miguu kwenda kusali. Hilo lilipatikana kwa sababu walikuwa na mji, walikuwa na halmashauri, walikuwa na mtu wa kuketi mezani.

Tauniship je? Nani aliketi mezani kwa niaba yao? Baada ya miji yote kutoka vilibaki vipande viwili visivyogusana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kile cha kaskazini, karibu na 10 Mile, kikaenda Oak Park. Kikabaki kile cha 8 Mile. Maili 36 za mraba zimekuwa kama nusu maili. Watu wasiofika 2,500 kwenye sensa ya 2020, wengi wao Weusi. Barua zao zinaandikwa Ferndale, watoto wao wamegawanywa, wengine wilaya ya Ferndale wengine Oak Park, na zimamoto ni wa Ferndale kwa mkataba. Februari 2014 gavana alitangaza wana dharura ya fedha, wakasimamiwa na jimbo, wakabana matumizi mpaka wakatoka kwenye usimamizi. Watu walishangaa, oh kwa nini tauniship imefilisika. Mimi nashangaa ilivyoweza kusimama muda wote huo! Wamegoma kufa. Wana makanisa yao, wana wazee waliozaliwa pale na hawataki kuitwa jina lingine, wana bodi yao wanayoichagua wenyewe.

Sasa sisi. Najua mnavyotafuta nyumba kwa sababu nakaa nanyi. Dalali anakwambia upande huu wa barabara bei hii, upande ule bei ile, shule hii ina namba nzuri, ile usiende, na sisi tunaitikia ndiyo ndiyo bila kuuliza. Ulizeni. Ulizeni huu mpaka umechorwa lini. Ulizeni nyumba hii ipo wilaya gani ya shule na kwa nini jirani yake yupo nyingine. Na msirudie maneno mnayoyasikia kazini kuhusu watu wa 8 Mile, watu ambao walilipia kwa miaka yao yote mipaka ambayo sisi tunafaidi leo.

Na lingine, haya mambo yanaamuliwa Jumatatu au Jumanne jioni kwenye vikao vya halmashauri na bodi za shule, milango ipo wazi, hata ambaye hajapata uraia anaruhusiwa kuingia na kupewa dakika zake za kuongea. Kiti chetu kipo kitupu. Nimeongea na kina dada wawili hapa, mmoja wa Oak Park mmoja wa Ferndale, wameshakubali kuandaa orodha ya tarehe za vikao na nani atakwenda kipi, wamekaa pale karibu na mlango na daftari. Andikeni majina kabla hamjachukua sahani, na wenye watoto wa sekondari waandikeni na wao.

Haya, maswali.